Kichwa cha Kungu

Zuena binti Sadala nusura arudishwe kwao kwa sababu ya kichwa cha samaki.

Kwao ni Tongoni, kusini ya Tanga, watu wa bahari. Aliolewa Chanika, Handeni, watu wa mahindi na mihogo. Mumewe, Mhina, alikwenda Tanga kukata mkonge wakati wa vita ya Hitla, na vita ilipokwisha akarudi na mke badala ya baiskeli. Wenzake walimcheka. Baiskeli, walisema, haina wakwe.

Mhina hakujibu. Hakuwa mtu wa kujibu.

Mama yake aliitwa Bi Tatu, mjane, na nyumba yake ilikuwa na taratibu zake. Kuku akichinjwa, kichwa ni chake. Mbuzi akichinjwa, kichwa ni chake. Hata kambare wa mtoni, kichwa kigumu kama jiwe, kilipelekwa mbele yake kwenye bakuli la peke yake, na hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia kabla yeye hajakigusa. Hakikuwa kitamu kuliko nyama nyingine. Ila ndicho kilichosema nani mkubwa wa nyumba.

Zuena alifundishwa hayo mapema, akayashika. Alikuwa mkamwana wa heshima. Hamtazami mkwe usoni, hamjibu zaidi ya alichoulizwa. Akizungumza naye macho yako chini, kwenye vidole vya miguu. Bi Tatu hakumchukia. Alikuwa akimngojea tu aonyeshe kitu.

"Pwani wanasema kumejaa samaki," alikuwa akisema, kama anaiambia mboga anayoichambua. "Sijui mwenzetu katoka pwani ipi. Hata mkia hatujauona."

Basi ilipokaribia hitima ya marehemu baba mkwe, na kaka zake Bi Tatu kutoka Mazingara wakawa wanatazamiwa, Zuena alipeleka salamu Tongoni kwa mtu aliyekuwa akishuka Tanga. Alimwomba mdogo wake samaki. Si wa kukaushwa. Mbichi, na mkubwa, wa kuwaonyesha watu.

Samaki alikuja. Alipanda gari moshi Tanga asubuhi, akateremshwa stesheni ya Korogwe, akapakiwa kwenye lori la Rajnikant. Rajnikant alikuwa na duka Korogwe na jingine Handeni. Amezaliwa Korogwe, Kizigua anakisema kuliko watoto wengi wa siku hizi, na samaki hali. Aliposimamisha lori karibu na nyumba ya Bi Tatu alikuwa amejifunga leso puani.

"Zuena! Njoo umchukue mgeni wako. Tangu stesheni ananitazama."

"Pole na safari, bwana."

"Safari gani? Nimebeba sukari na maiti. Sisi kwetu hatuli kitu chenye macho, na huyu ana macho ya polisi. Leo nikiuza sukari watu wataniuliza mbona ina magamba."

Gunia lilikuwa bado limelowana maji ya chumvi. Zuena alilifungua uani, na wanawake wa majirani wakaja mmoja mmoja, mpaka wakamzunguka. Samaki alikuwa mkubwa kama mtoto anayeanza kutembea, mwekundu wa kukoza mgongoni, tumbo limepauka. Mdogo wake alikwisha kumtoa matumbo na kumtia chumvi. Karibu na mkia palikuwa na pengo, pande la nyama limekatwa.

"Huyu kaumwa na nani?" aliuliza Hamisa, jirani.

"Ni ada ya kwetu tu," alisema Zuena.

"Ni changu huyu? Baba Asha alipokuwa mkongeni alikuwa akinisifia changu."

"Hapana, si changu. Ni kungu. Wanafanana sura, lakini tazama hapa." Alipitisha kidole. "Kuna kamfereji, kanatoka puani kanakwenda mpaka jichoni. Changu hana."

Wake za wakata mkonge wote walikuwa wamelisikia jina hilo moja la changu kwa waume zao, na kila aliyefika aliuliza lile lile. Ni changu? Si changu, ni kungu. Ni changu huyu? Hapana, si changu. Zuena alijibu mpaka mdomo ukajibu wenyewe.

Na siku ile alizungumza kuliko alivyokuwa amezungumza tangu aolewe. Sadala, baba yake, alikuwa mvuvi wa mshipi, na mtoto wa kiume alichelewa kumpata. Ya bahari alimfundisha binti.

"Kungu haji ufukweni," aliwaambia, huku kisu kikiparua magamba. "Nyumba yake ni mwamba."

"Samaki ana nyumba?"

"Ana nyumba kuliko mimi. Mwamba wa baharini si jiwe kama haya ya kwenu. Ni matumbawe, yanaota kama miti, yana mapango na vichochoro. Kungu akiwa mdogo anakaa juu, kwenye maji mafupi. Ana madoa mawili meupe mgongoni. Basi kuna visamaki vipole vya pale, havili wenzao, navyo vina rangi kama yake. Anajichanganya navyo. Vinamwona mwenzao. Anasogea, anasogea, kimoja kimepotea."

"Kumbe namjua," alisema Hamisa. "Ni shemeji yangu."

Walicheka. Zuena naye akacheka, kisu kimesimama.

"Akikua madoa yanafifia. Anakuwa mwekundu, anahamia ukingo wa nje, pale mwamba unapokatika na maji yanakuwa meusi. Huko ndiko anakozeekea. Anakula kaa, kamba, pweza, samaki wa kila rangi. Oneni meno."

Aliufunua mdomo. Mbele kulikuwa na meno marefu yaliyochongoka, kama ya mbwa. Wanawake walirudi nyuma kidogo.

"Na huyu ana umri gani?"

"Baba alisema kungu hakui upesi. Mkubwa kama huyu ni mtu mzima. Pengine alikuwa baharini tangu Mjerumani."

"Basi tumwamkie!" Hamisa alipiga goti. "Shikamoo, babu! Habari za Mjerumani?"

"Na kuzaa?" aliuliza mwingine.

"Mwezi ukifika wakati wake wanatoka mapangoni wote. Wanakutana kwenye mlango wa mwamba, panapopita mkondo. Majike yanamwaga mayai, madume yanayafuata, mkondo unachukua. Kila mmoja anarudi kwake. Hakuna anayelea."

Hamisa, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, alishusha pumzi. "Jamani," alisema. "Raha iliyoje."

Jambo moja Zuena hakuwaambia. Kungu aliyezeekea ukingo wa nje anaweza kuwa na sumu. Si ya kuzaliwa nayo. Wazee wa Tongoni walisema inatoka kwenye utelezi unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Visamaki vinakula utelezi, wakubwa wanakula visamaki, kungu anawala wote, na alichokula kinabaki ndani yake miaka na miaka kama masizi kwenye dari ya jiko. Yeye hakimdhuru. Hukaa zaidi kwenye maini na kichwani. Kwa hiyo Tongoni kungu mkubwa hukatwa pande karibu na mkia, paka akapewa, na paka akiamka mzima ndipo watu wanakula nyama. Maini na kichwa hawali hata paka akisema nini. Lile pengo la mkiani lilikuwa barua ya mdogo wake: paka amekula, mzima.

Angewaambia vipi? Zawadi yake ya kwanza, na hitima ni kesho. Akitaja sumu ya kichwani, nani atagusa mkia? Alinyamaza. Alikitenga kichwa, akakisogeza pembeni kwenye jani la mgomba.

Hapo Bi Tatu alitoka ndani. Wanawake wakampisha. Zuena aliteremsha macho kwenye vidole vya miguu kama alivyofundishwa. Aliona kivuli cha mkwe kimeanguka juu ya jani la mgomba, juu ya samaki, juu ya kisu.

"Mkamwana," alisema Bi Tatu. "Ni changu?"

"Hapana, Mama," alisema Zuena. "Si changu."

Kivuli kilisimama kidogo. Kisha kikaondoka. Zuena aliinua uso aongeze kwamba ni kungu, akamwona mkwe ameshaipa mgongo shughuli, anaingia ndani. Wanawake hawakucheka tena, naye hakujua kwa nini.

Alikata vipande, akatia chumvi na ndimu. Kichwa alikichukua mwenyewe nyuma ya nyumba, akakitupa shimo la jalala na kukifukia kwa majivu. Kisha akabeba mtungi. Maji ya Chanika yalikuwa mbali wakati ule. Aliporudi jua lilikuwa limeinama, na jikoni kwa Bi Tatu kulikuwa kunafuka moshi. Hakuuliza. Jioni wote walionja vipande viwili vitatu vya kukaanga. Bi Tatu alisema ameshiba.

Kulipopambazuka Bi Tatu alikuwa hoi.

Alikuwa amehara na kutapika mpaka hana cha kutapika. Alilala ubavu, mikono imelegea, anajikuna midomo kwa kucha. Hiza, kaka mkubwa wa Mhina, ambaye nyumba yake ilitazamana na ile, alikuwa amekwisha kuja, amesimama mlangoni amefunga mikono. Zuena aliona midomo ya mkwe ilivyokauka. Akachota maji mtungini kwa kata, akapiga magoti, akamnywesha.

Bi Tatu alipiga ukelele, akaipiga kata ikaruka ukutani.

"Moto! Ananiunguza! Maji ya moto!"

Hiza aliiokota ile kata. Tone lilikuwa limebaki. Alilidondoshea kwenye kiganja, akalitazama, akalilamba.

"Baridi," alisema. Akamtazama Zuena. "Maji ni baridi."

Mtu wa pwani ameleta maji baridi, na kwenye mdomo wa mkwe yamekuwa moto. Neno lenyewe halikutajwa, lakini kila aliyekuwamo alilisikia.

Mhina alikwenda kumleta Simeo, dresa wa zahanati. Simeo alipima homa, akabonyeza tumbo, akashika mkono wa mgonjwa akasikiliza mshipa unavyopiga polepole. Alichanganya chumvi na sukari kwenye maji ya vuguvugu, na hayo Bi Tatu aliyanywa.

"Si malaria," alisema Simeo. "Na kuhara huku si kule ninakokujua. Ugonjwa huu sijawahi kuuona. Mama, umekula nini jana?"

Bi Tatu alifumba macho. "Nilichokula ni kile cha wote."

"Wote ni wazima," alisema Hiza.

Zuena alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alisikia. Midomo inayowasha. Maji baridi yanayounguza. Aliwahi kuyaona hayo utotoni. Kwenye dago, kambi ya wavuvi, mtu mmoja alikula kichwa cha kungu kwa ubishi. Alilia siku nyingi. Umande ukimgusa miguu alilia kama amekanyaga makaa.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Majivu ya jalala yalikuwa yamefukuliwa. Si kwa kucha za mbwa. Kwa kijiti, taratibu, na kufukiwa tena. Akaenda jikoni kwa mkwe. Chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi. Akakiinua. Chini yake kulikuwa na taya, limenyonywa likawa jeupe, na yale meno ya mbwa.

Zuena alichuchumaa pale na taya mkononi.

Ingemtosha kupita nalo uani, watu wakalione. Lakini wageni wa Mazingara walikuwa wameshawasili, kaka zake Bi Tatu, wamekaa kwenye mikeka kungoja hitima isiyosomwa. Awaambie nini? Kwamba dada yenu ameingia jalalani, akaokota, akala jikoni peke yake amejifungia, na watoto wake akawaambia ameshiba? Huko kwao mwizi wa mbuzi anasamehewa. Anayekula kwa kujificha watoto wake wanaimbiwa jina lake kwa kejeli. Na atakayekuwa ameyasema hayo ni nani? Mkamwana.

Alilifunga taya kwenye pindo la kanga.

Uani Hiza alikuwa ameshafikia mwisho wa maneno yake. "Lori linarudi Korogwe baada ya alasiri," alikuwa akimwambia Mhina. "Liondoke naye. Huyu hapiti usiku wa pili katika nyumba hii. Toa talaka, aende kwao akawanyweshe maji."

"Ngoja," alisema Mhina.

"Ningoje nini? Umzike mama?"

"Ngoja."

"Wewe tangu utoto ni ngoja! Hata kuzaliwa ulingojewa!"

Wajomba waliangalia mikeka. Hiza aliingia mwenyewe chumbani kwa ndugu yake, akatoka na nguo za Zuena zimefungwa furushi, akavuka barabara, akalirusha juu ya lori. Rajnikant alikuwa akipanga magunia ya mahindi.

"Hii nini tena?" alisema Rajnikant. "Jana nimeleta samaki, leo nampeleka aliyemwagiza?"

"Wewe endesha lori."

"Mimi naendesha. Lakini mtu nitampandisha akipanda kwa miguu yake. Simpakii mtu kama gunia."

Alasiri iliadhiniwa. Watu waliswali. Walipotoa salamu, Zuena alikuwa amesimama mlangoni kwa Bi Tatu, kanga ameikaza.

"Hapiti!" alisema Hiza.

"Aingie," alisema Mhina. "Mtu anaaga."

Hiza akampisha. Mke hatoki nyumbani bila kumuaga mkwe, hata aliyeachwa.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya ndimu. Bi Tatu alikuwa ameelekea ukutani.

"Mama, nimekuja kukuaga."

Bi Tatu alizidi kujikuna midomo.

"Meno yanacheza?" aliuliza Zuena kwa sauti ndogo. "Kama yanataka kung'oka?"

Bi Tatu aligeuza kichwa. "Nani kakuambia?"

"Na midomo ina sisimizi. Na vidole."

"Unajua kwa kuwa ndiye uliyenifanyia."

Zuena alifungua pindo la kanga. Akaliweka taya juu ya mkeka, karibu na mkono wa mkwe. Nje honi ya lori ililia mara moja, fupi.

Bi Tatu alilitazama taya. "Umewaonyesha?"

"Nani?"

"Wote. Kaka zangu."

"Sijamwonyesha mtu. Nimelikuta chini ya chungu. Ni lako, Mama. Utalifukia mwenyewe ukipata nafuu. Mimi sikuliona."

"Kwa nini?"

Zuena aliinamisha uso. Alitazama vidole vya miguu yake.

"Ulininyima," alisema Bi Tatu. "Mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Kaka zangu wanakuja, hitima ya mume wangu, na mimi nisiwe na kichwa mbele yangu. Nikakuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe kama ni changu. Ukanijibu hapana."

"Nilisema si changu, ni..." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile, Zuena aliinua macho akamtazama mkwe usoni. "Mama. Ulikuwa unaonyesha nini?"

"Ningeonyesha nini? Kichwa! Mgawo wangu!"

"Sikuutazama mkono wako. Nilitazama chini. Nilidhani unauliza samaki."

"Samaki kafanya nini?"

"Kuna samaki kwetu anaitwa changu. Siku nzima wananiuliza, ni changu huyu, ni changu huyu. Nikasema si changu. Huyu anaitwa kungu."

Bi Tatu alimkazia macho. "Samaki. Anaitwa changu."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mtu akiwa naye anasemaje?"

"Anasema changu wangu."

Sauti iliyomtoka Bi Tatu ilikuwa kama kikohozi. Zuena alidhani anatapika tena, akasogeza beseni. Hakuwa akitapika.

"Ningekupa chote," alisema Zuena. "Ila kichwa cha kungu mzee ni sumu. Niliogopa kusema, watu wasije wakaacha kula zawadi yangu. Nikakifukia."

"Nitakufa?"

"Hufi. Niliyemwona mimi hakufa. Lakini utaumwa. Maji yatakuunguza majuma kadhaa, usiguse samaki, usishinde juani. Atakayekuuguza mwambie maji ayaanike kwanza, yawe vuguvugu."

"Ataniuguza nani?"

Honi ililia tena, ndefu. Zuena aliushika mkono wa mkwe, akaubusu, akatoka.

Watu walikuwa wamejaa barabarani. Alivuka katikati yao, hakuna aliyemgusa. Hamisa alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Rajnikant alimfungulia mlango wa mbele, mahali ambapo hakuwa akimkalisha mtu. Zuena akapanda, akakaa, akatazama kioo.

"Sema," Hiza alimwambia Mhina. "Sema watu wasikie, aondoke."

Mhina alisogea mpaka kwenye lori. Aliweka mkono juu ya mlango. Alifungua mdomo, akaufunga. Injini ilikuwa inatetema. Zuena alisubiri, hakugeuka. Aliona ule mkono tu, na mishipa yake.

"Sema, bwana!"

Mhina alianza kusema kitu, akamwelekea Rajnikant, na injini ikameza maneno.

"Zimeni hilo lidude!"

Bi Tatu alikuwa mlangoni kwake. Ameshika mhimili kwa mkono mmoja, kanga inaburuza, na kila alipokanyaga chini alikunja uso kama ardhi ina miiba. Rajnikant alizima injini. Hiza alimkimbilia mama yake, mama akamsukuma.

"Mkamwana wangu hakunifanya kitu," alisema Bi Tatu. Aliinua mkono, na wote wakaliona taya na yale meno. "Nimekula kichwa. Kina sumu, yeye alikitupa. Nilimuuliza, hatukuelewana. Nikaenda nikakichukua mwenyewe."

Kaka yake mkubwa alisimama mkekani. "Ulikichukua wapi, dada?"

Hapo palikuwa na njia ya kusema jikoni, au chunguni, au popote. Zuena alifumba macho ndani ya lori.

"Jalalani," alisema Bi Tatu. "Kilikuwa na majivu. Nikakiosha."

Yule mzee wa Mazingara alimtazama dada yake, kisha taya, kisha dada yake tena.

"Kilikuwa kitamu?"

"Kitamu mno," alisema Bi Tatu, na machozi yakamtoka.

"Tangu utoto!" mzee aliwageukia watu. "Tangu utoto huyu na vichwa! Mama yetu alikuwa akificha cha kuku, huyu anakinusa!" Na alipoanza kucheka yeye, wengine wakawa na ruhusa. Bi Tatu alicheka amekaa kizingitini, hana nguvu, anajikuna midomo.

Hiza peke yake hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye lori, akasafisha koo.

"Shuka, shemeji. Yamekwisha."

Zuena aliendelea kutazama kioo. "Mzigo wangu uko juu," alisema. "Aliyeupandisha anaujua ulipo."

Rajnikant aliinama kwenye usukani akafanya kama anatafuta kitu chini. Hiza alipanda juu ya magunia ya mahindi, akalitafuta furushi, akateremka nalo. Alitaka kumpa Mhina alibebe. Mhina alikuwa amefunga mikono nyuma. Basi Hiza alilitia kichwani, mtu mzima, na kanzu yake ya hitima, akavuka nalo barabara mbele ya watu mpaka ndani. Ndipo Zuena aliposhuka.

Hitima ilisomwa siku ya pili, na samaki aliliwa akaisha, kaka zake Bi Tatu wakasomba hata mchuzi. Bi Tatu aliumwa muda mrefu. Zuena aliyaanika maji yake juani kila asubuhi, na waliulizana mengi ya baharini wakati huo, macho kwa macho. Tangu hapo Bi Tatu hakutaka tena mkamwana atazame chini akizungumza naye. Alisema macho yakiwa chini watu wanauana.

Lakini jioni ile ile, kabla ya yote hayo, Zuena alikuwa akipuliza moto na Mhina amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Pale kwenye lori," alisema Zuena, "ulikuwa unasema nini?"

"Lini?"

"Kabla Mama hajatoka. Ulianza kusema."

Mhina alichukua kijiti, akachokoa makaa. "Nilikuwa namuuliza Rajnikant kama mbele tunaenea wawili."

Zuena aliacha kupuliza. "Twende wote Tongoni? Kuogelea hujui. Mshipi hujui. Ungefanya nini huko?"

"Ningengoja," alisema Mhina.

Zuena alicheka mpaka moshi ukampalia.

Waliishi Chanika. Walijenga nyumba yao upande wa pili wa barabara, wakalima, wakazeeka wote wawili, mpaka Mungu alipomchukua Zuena kwanza.